Michael Grzimek: Kijana wa Kamera katika Nyika ya Serengeti

Juu ya ukingo wa kreta ya Ngorongoro, kando ya njia yapitayo magari ya watalii, pana kaburi lililojengwa kwa mawe katika umbo la piramidi. Hapo amezikwa kijana wa Kijerumani aliyefariki dunia tarehe 10 Januari 1959, akiwa na umri wa miaka 24 tu, na kando yake yakazikwa majivu ya baba yake, aliyemfuata miaka 28 baadaye. Wageni wengi husimama hapo dakika chache, wakapiga picha, kisha wakaendelea na safari yao. Wananchi wetu wengi hupita bila kusimama, kwani jina lililoandikwa pale haliwaambii kitu. Jina hilo ni la Michael Grzimek, mtengeneza sinema.

Huenda msomaji wa Mwanza, Magu, Bunda au Ukerewe akauliza: sisi watu wa ziwa tuna uhusiano gani na Mjerumani aliyezikwa Ngorongoro? Jawabu ni kwamba Serengeti haiko mbali nasi kama wengi wadhanivyo. Ukanda wake wa magharibi unanyoosha mkono hadi karibu na Ghuba ya Speke, na lango la Ndabaka liko kando ya barabara kuu iendayo Musoma. Mito ya Grumeti na Mbalageti, ambayo makundi ya nyumbu huifikia kila mwaka yapata mwezi wa Mei na Juni, humimina maji yake katika ziwa hilihili tunalovua na kunywa. Na sinema aliyoitengeneza kijana huyo ni miongoni mwa mambo yaliyoifanya dunia iamini kwamba nyika hii ni amana ya wanadamu wote. Imani hiyo, kwa wema wake na kwa kasoro zake, imekuwa na mkono katika maisha ya kila mwananchi alimaye, achungaye au avuaye karibu na mpaka wa hifadhi. Kwa hiyo inatupasa kumjua mtu huyo, alichokifanya, na alichokiacha bila kukifanya.

KUZALIWA NA MALEZI

Michael alizaliwa Berlin tarehe 12 Aprili 1934. Baba yake, Bernhard Grzimek, alikuwa daktari wa mifugo, mzaliwa wa Neisse katika jimbo la Silesia. Utoto wa Michael uliangukia katika miaka ya Vita Kuu ya Pili, naye alikuwa na umri wa miaka 11 vita vilipokwisha na miji ya nchi yake ikabaki magofu. Mwaka huohuo wa 1945 baba yake alipewa kazi ya kuiongoza bustani ya wanyama ya Frankfurt, ambayo mabomu yalikuwa yameiteketeza hata wanyama waliosalia wakawa wachache mno. Bustani hiyo, pamoja na nyumba ambamo hata sokwe walilelewa pamoja na watoto, ndiyo iliyokuwa madrasa ya kwanza ya Michael. Akakua akiwatazama wanyama kwa saa nyingi na kuyazoea matendo yao, na mazoea ya namna hiyo ni nusu ya ufundi wa mtu apigaye picha za viumbe wasioweza kuamrishwa.

Alipopata ujana alishika mambo mawili kwa pamoja: elimu ya viumbe, na kamera. Akaunda kampuni ya filamu na picha yenye jina la Okapia, jina linalomkumbusha okapi, yule mnyama mwenye haya aishiye katika misitu ya Kongo. Na ni Kongo, iliyokuwa wakati huo chini ya Wabelgiji, ndiko alikopatia kazi yake kubwa ya kwanza.

Mwaka 1954 baba yake alikuwa amechapisha kitabu kilichoeleza kwamba Afrika inapungukiwa na mahali pa wanyama pori. Michael akataka kukigeuza kitabu hicho kuwa sinema. Hapana budi tukumbuke jinsi sinema za Afrika zilivyokuwa zama hizo. Nyingi zilikuwa za mawindo na vitisho: simba anaruka, mzungu anafyatua bunduki, wapagazi wanakimbia. Watazamaji wa Ulaya walilipa kiingilio ili watetemeke, kisha warudi nyumbani wakiwa salama. Michael alithubutu kwenda kinyume cha desturi hiyo. Katika sinema yake adui hakuwa simba wala chui, bali ni upanuzi wa mashamba, miji na bunduki za binadamu. Filamu hiyo, iliyoitwa Kein Platz für wilde Tiere, yaani Hakuna Nafasi kwa Wanyama Pori, ilitunukiwa Dubu wa Dhahabu katika tamasha la filamu la Berlin mwaka 1956. Mtengenezaji wake alikuwa na miaka 22.

SINEMA KATIKA TANGANYIKA YA WAKOLONI

Kabla ya kumfuata kijana huyu hadi Serengeti, inafaa tutazame kidogo sinema ilikuwa inatumikaje katika nchi yetu. Majaribio ya sinema hayakuanza na Michael. Kati ya mwaka 1935 na 1937 Meja L. A. Notcutt na wenzake, wakiwa na kituo chao Vugiri katika milima ya Usambara, waliendesha mradi wa majaribio uliogharimiwa na Carnegie Corporation ya Marekani. Walitengeneza filamu 35 hivi, wakazizungusha kwa lori katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Filamu hizo zilimfundisha Mwafrika habari za safura, za akiba ya posta, za kodi na za kilimo. Zilikuwa na faida yake, lakini mkao wake ulikuwa mmoja tu: mtawala anasema, mtawaliwa anakaa chini na kutazama.

Sinema ya Michael ilikuwa na mkao mwingine. Haikutengenezwa ili Mwafrika aitazame. Ilitengenezwa ili watu wa Ulaya na Marekani waitazame Afrika, waipende, na watoe fedha na sauti zao kwa ajili yake. Katika mikao yote miwili mwenye kamera alikuwa mgeni. Jambo hilo tutalirudia mbele.

Nayo Serengeti yenyewe ilikuwa katika mgogoro. Serikali ya Kiingereza iliifanya kuwa hifadhi ya taifa kwa mipaka ya mwaka 1951, hali Wamasai wakiwa ndani yake pamoja na ng'ombe wao. Upande wa magharibi Waikoma, Wanata, Wakurya na Wasukuma, ambao wazee wao waliwinda huko kwa nyama na ngozi, walijikuta kwa mara moja ni majangili. Mwaka 1956 serikali hiyo ikatoa mpango wa kuipunguza hifadhi na kuigawa vipande vipande, ili Wamasai wapate sehemu yao na wanyama wapate yao. Wapenzi wa wanyama huko Ulaya walipiga kelele. Wataalamu wakaletwa, tume ikaundwa, karatasi zikaandikwa. Lakini katika mjadala wote huo hapakuwa na mtu aliyejua kwa hakika mambo mawili ya msingi: wanyama ni wangapi, na mwaka mzima huenda wapi.

Wakati huo ndipo Michael na baba yake walipojitokeza na fedha walizopata kutokana na filamu ya Kongo. Walitaka kuitumia faida yao kununulia ardhi ya kuongezea hifadhi. Mkurugenzi wa Hifadhi za Taifa za Tanganyika, Peter Molloy, akawapa shauri lenye busara zaidi: fedha hizo zitumike kuwahesabu wanyama na kufuata njia zao, ili mipaka iwekwe kwa elimu badala ya kubahatisha.

NDEGE YENYE MILIA

Namna walivyolipokea shauri hilo yatosha kumwonyesha msomaji tabia ya Michael. Hawakuwa marubani; wakaenda kujifunza urubani, mzee akiwa anakaribia miaka 50 na kijana akiwa na 23. Wakanunua ndege ndogo ya aina ya Dornier Do 27, ambayo mabawa yake yamekaa juu ya kichwa cha rubani bila kumzibia ardhi, ambayo huweza kuruka polepole sana, na ambayo huhitaji uwanja mfupi tu wa kutua. Wakaipaka milia myeupe na myeusi kama punda milia. Herufi zake za usajili zilikuwa D-ENTE, na neno Ente kwa Kijerumani maana yake ni bata. Mwezi Desemba 1957 wakaondoka Frankfurt, wakaivuka bahari, wakateremka Afrika kutoka kaskazini, na mwanzoni mwa mwaka 1958 wakawa Serengeti, ambako kambi yao ilikuwa Banagi.

Kazi waliyoifanya ilikuwa ya namna mbili, na hapo ndipo lilipo jambo jipya katika ufundi wa marehemu. Ndege ileile iliyotumika kuhesabu ndiyo iliyotumika kupiga sinema. Waliigawa nyika katika sehemu, wakaruka juu yake kwa mistari iliyofuatana kama mkulima anayepanda pamba, huku macho ya upande huu na upande huu yakihesabu kila mnyama mkubwa. Mwisho wa hesabu hiyo walipata wanyama 366,980, na kati yao nyumbu walikuwa 99,481. Walikusanya pia majani na udongo ili ipimwe sababu ya wanyama kuyapenda malisho haya na kuyaacha yale. Waliwavisha baadhi ya wanyama alama za rangi shingoni ili waweze kuwatambua kutoka angani na kuzifuata njia zao mwezi hata mwezi.

Na mambo yote hayo Michael aliyatia katika filamu. Mtazamaji aliyezoea kumwona simba mmoja amejaza pazia la sinema sasa alionyeshwa nyika nzima kutoka juu, makundi yakitembea kama mto wa viumbe hai, na kivuli cha ndege kikipita juu ya migongo yao. Alionyeshwa pia watu wakihesabu, wakipima na wakikosea. Yaani elimu yenyewe ikifanya kazi. Siku hizi, ambapo kila televisheni huonyesha picha za namna hiyo, jambo hilo laweza kuonekana dogo. Mwaka 1958 lilikuwa ni jaribio kubwa, nalo lilifanywa na vijana wachache wenye fedha kidogo. Mmoja wa waliomsaidia Michael kushika kamera alikuwa Alan Root, kijana aliyekulia Kenya, ambaye baadaye alipata sifa kubwa kwa filamu zake mwenyewe za wanyama.

Matokeo ya uchunguzi wao yalikuwa na uzito. Waligundua kwamba wakati wa mvua makundi makubwa hutoka kwenda kwenye nyanda za majani mafupi upande wa mashariki, karibu na Olduvai na Ngorongoro, mahali ambapo mpango wa serikali ulikuwa unapatoa nje ya hifadhi. Kwa maneno mengine, mipaka ilikuwa inachorwa mezani na watu wasioijua njia ya nyumbu.

Lakini serikali haikungoja. Mwaka 1958 wazee wa Kimasai walitia saini hati ya kukubali kuondoka Serengeti, na mwaka 1959 Ngorongoro ikatengwa kuwa eneo la hifadhi la namna yake, ambamo Wamasai waliahidiwa kukaa na mifugo yao pamoja na wanyama pori. Serengeti ikapoteza nyanda za mashariki na ikaongezewa ardhi upande wa kaskazini hadi mpaka wa Kenya.

KIFO CHAKE

Michael hakuuona mwisho wa mambo hayo. Tarehe 10 Januari 1959 alikuwa peke yake katika ndege, akiruka juu ya nyanda zilizo kaskazini ya Ngorongoro. Tumbusi mkubwa aligonga ubawa wa ndege; usukani ukashikwa, na ndege ikaanguka. Hakupona. Baba yake aliyekuja kuhesabu nyumbu pamoja na mwanawe akajikuta anamzika mwanawe ukingoni mwa kreta. Marehemu aliacha mjane na watoto wawili, mmoja wao akiwa bado hajazaliwa.

Wapo watu ambao msiba wa namna hiyo ungewarudisha kwao daima. Bernhard Grzimek alichagua kuimaliza kazi. Filamu ilikamilishwa, na kitabu kikaandikwa na kutolewa kwa jina la baba na mwana pamoja. Serengeti darf nicht sterben, yaani Serengeti Isife, ilionyeshwa mwaka 1959, na mwaka 1960 ikapata tuzo ya Oscar huko Marekani kwa filamu ndefu za habari za kweli. Kitabu kilitafsiriwa katika lugha nyingi. Neno Serengeti, ambalo hadi wakati huo lilijulikana kwa wawindaji na watawala wachache, likaingia katika nyumba za watu wa kawaida wa Ulaya.

FAIDA ILIYOPATIKANA

Mtu mwadilifu hana budi kuitaja faida hiyo kabla ya kuitaja kasoro. Kwa ukumbusho wa Michael ilijengwa maabara huko Banagi, na kutokana na mwanzo huo mdogo ikakua Taasisi ya Utafiti ya Serengeti, iliyoanzishwa rasmi mwaka 1966. Shirika la Wanyama la Frankfurt, chini ya baba yake, lilichanga fedha za Wajerumani wa kawaida kwa ajili ya magari, ndege na askari wa hifadhi zetu. Katika kipindi chake cha televisheni, kilichodumu tangu 1956 hadi kifo chake mwaka 1987, mzee huyo aliwatangazia watazamaji kwamba safari za bei nafuu za kwenda Afrika Mashariki zimekwisha kuanza, hali hazijaanza. Watu wakazidai, na makampuni yakalazimika kuziandaa. Utalii wetu wa leo una mizizi yake pia katika hila ile njema.

Sisi wa ziwa tunao ukumbusho wetu wa karibu zaidi. Kati ya mwaka 1966 na 1969 Shirika la Frankfurt lilileta sokwe kutoka bustani za wanyama za Ulaya, likawaachia huru katika kisiwa cha Rubondo, ndani ya Ziwa Victoria. Viumbe waliokuwa wamezoea vizimba walijifunza upya kutafuta chakula na kujenga viota, na kizazi chao kipo hadi leo. Rubondo ikafanywa hifadhi ya taifa mwaka 1977. Lakini wavuvi waliokuwa wakiishi kisiwani humo walitakiwa kuondoka, nao hawakutengenezewa filamu.

KAMERA HAIKUONA NINI

Hapo ndipo tunapofikia kiini cha maneno yetu. Kamera ni jicho lenye mipaka minne. Kilichomo ndani ya mipaka hiyo hukuzwa, na kilicho nje ni kama hakikuwapo. Katika sinema ya Michael wanyama walikuwa ndani ya mipaka kwa mapenzi na kwa elimu. Watu wa nchi hii hawakupata bahati hiyo. Mmasai alionekana kama jirani mzuri wa kutazamwa ambaye hata hivyo ng'ombe wake ni mzigo kwa nyika. Mtu wa magharibi, yaani mtu wa kwetu, alionekana zaidi katika mitego ya waya, kama jangili. Kwa nini alitega, alikuwa anakula nini, na kesi yake ilisikilizwaje, filamu haikuuliza.

Hatusemi kwamba ujangili haukuwapo, au kwamba mitego ile haikuwa na ukatili. Kulikuwa na wafanyabiashara waliotajirika kwa mikia ya nyumbu na pembe za faru, na damu hiyo haikumnufaisha maskini. Tunalosema ni kwamba mtu aliyewinda katika ardhi ya babu yake, na mtu aliyeua kwa ajili ya soko la mbali, waliwekwa katika picha moja na kuhukumiwa kwa jina moja.

Tena iko hoja nyingine, ambayo ni ya kisayansi na ambayo siku hizi inajulikana wazi. Hatari kubwa iliyokuwa inawazuia nyumbu wasiongezeke ilikuwa ni sotoka, maradhi yaliyoingia Afrika Mashariki katika miaka ya 1890 yakafyeka ng'ombe na wanyama pori pamoja. Maradhi hayo yalipita kutoka kwa ng'ombe hadi kwa nyumbu. Ng'ombe wa wafugaji walio kandokando ya Serengeti walipochanjwa kwa wingi, sotoka ilitoweka katika wanyama pori mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nyumbu, ambao hesabu ya mwaka 1961 iliwakuta zaidi ya 250,000, wakapita milioni moja katika miaka ya 1970. Mwaka 2011 dunia ikatangaza kwamba sotoka imekwisha kabisa.

Msomaji na alipime jambo hilo. Serengeti haikufa, kama Michael alivyotamani. Lakini kilichoizidishia wanyama hao wote ni sindano ya bwana mifugo katika shingo ya ng'ombe wa mfugaji. Yule mfugaji aliyetajwa kuwa tatizo alikuwa, kwa kuwakubalia wataalamu wamchanje ng'ombe wake, sehemu ya dawa. Hakuna sinema iliyopata Oscar kwa ajili yake. Michael hawezi kulaumiwa kwa jambo ambalo mwaka 1958 halikuwa limejulikana vema. Lakini sisi tunaolijua tutalaumiwa tusipolisema.

AMANA NA MWENYE AMANA

Ni heri kwamba baada ya Uhuru nchi yetu haikuitupa kazi ile kwa sababu tu ilianzwa na wageni. Mwezi Septemba 1961, hata kabla ya bendera yetu kupandishwa, Mwalimu Nyerere alitoa tamko huko Arusha lililoahidi kwamba watu wa Tanganyika watawatunza wanyama pori kwa ajili ya vizazi vijavyo. Tamko hilo lisichanganywe na Azimio la Arusha la mwaka 1967. Mwaka 1963 chuo cha Mweka kilifunguliwa ili Waafrika wenyewe wafundishwe usimamizi wa wanyama. Hifadhi zikaongezwa moja baada ya nyingine. Amana ikapokewa na wenyewe.

Lakini kupokea amana ya ardhi ni jambo moja, na kupokea kamera ni jambo jingine. Serikali ilianzisha Kampuni ya Filamu Tanzania mwaka 1968, na wasanii wetu walitoa filamu za kujivunia, mathalani Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985. Hata hivyo kampuni hiyo haikudumu, na habari zetu nyingi zimeendelea kusimuliwa na watu wa mbali. Mji huu wa Mwanza unalijua jambo hilo kwa uchungu. Mwaka 2004 Hubert Sauper, raia wa Austria, alitoa filamu iitwayo Darwin's Nightmare kuhusu sangara na maisha ya watu wa hapa. Ilipata sifa kubwa nje, ikateuliwa kushindania Oscar, na mwaka 2006 ikazua ubishi mkali: Rais Kikwete aliilaani hadharani, na wananchi wakaandamana katika mitaa yetu. Wengine walisema filamu imetutukana, na wengine walisema imetaja umaskini ambao upo. Sisi hatutaki kuufufua ubishi huo hapa. Twataka tu kuonyesha kwamba tangu Michael aruke juu ya Grumeti hadi Sauper atembee katika kambi za wavuvi ni karibu nusu karne, na katika muda huo wote tumekuwa watu wa kupigwa picha kuliko kupiga.

Nalo jambo hili si la sanaa tu. Tangu mwaka 2022 baadhi ya wakazi wa Ngorongoro wamehamia Msomera wilayani Handeni, na uhamisho huo umejadiliwa kwa ukali ndani na nje ya nchi. Karibu zaidi nasi, wananchi wa kata ya Nyatwali wilayani Bunda wamehusika katika mpango wa kuachia ardhi yao ya ufukweni ili wanyama wa Serengeti wayafikie maji ya ziwa. Katika mambo ya namna hiyo kila upande una hoja yake. Wanyama wanahitaji maji, hasa miaka ya ukame. Na mkulima anahitaji fidia ya haki, ardhi nyingine yenye rutuba, na heshima ya kuulizwa kabla ya kuamuliwa. Haki haiwezi kupatikana ikiwa upande mmoja una picha nzuri zinazotazamwa duniani kote na upande mwingine una maneno tu, yanayosemwa katika mkutano wa kijiji na kuishia hapo.

Basi maisha ya Michael Grzimek yanatufundisha nini? Yanatufundisha kwanza kwamba umri si udhuru. Kijana wa miaka 23 alijifunza urubani kwa sababu kazi yake ilidai hivyo, akahesabu kabla ya kusema, na akaiweka faida ya filamu yake ya kwanza katika jambo alilolipenda kuliko raha yake. Vijana wetu, ambao leo hubeba kamera mfukoni ndani ya simu zao, wanayo nyenzo ambayo yeye hakuiota. Wanachokosa aghalabu ni subira ya kuchunguza jambo mwaka mzima kabla ya kulionyesha.

Pili, yanatufundisha kwamba mapenzi ya dhati hayamwondolei mtu upungufu wa macho yake. Michael aliwapenda wanyama wa nchi hii hadi kufa. Watu wake hakupata muda wa kuwajua. Upungufu huo hautajazwa na wageni wengine. Utajazwa na mtoto wa Lamadi atakayemhoji babu yake juu ya mawindo ya zamani na juu ya kesi za mahakama ya mkoloni. Na msichana wa Ukerewe atakayeingia mtumbwini usiku pamoja na wavuvi wa dagaa, taa zikiwaka juu ya maji. Na bwana mifugo mstaafu wa Magu atakayesimulia mbele ya kamera jinsi walivyochanja ng'ombe kijiji kwa kijiji hadi sotoka ikashindwa.

Kwa hiyo tunatoa shauri. Halmashauri za wilaya zinazopakana na Serengeti, pamoja na Shirika la Hifadhi za Taifa, ziipeleke filamu ya Michael katika vijiji vya mpakani, ikiwa na maelezo ya Kiswahili, ionyeshwe jioni uwanjani kama sinema za zamani, na baada yake wananchi wapewe nafasi ya kusema waliloliona na ambalo hawakuliona. Maneno yao yarekodiwe. Shule zetu za sekondari na vyuo vya kanda hii vipewe kazi ya kuyakusanya, na sehemu ndogo ya mapato ya utalii itengwe kwa ajili ya vijana watakaoyageuza kuwa filamu. Gharama yake haitafika hata bei ya gari moja la watalii. Nayo itakuwa namna bora ya kumheshimu marehemu kuliko kupiga picha mbele ya kaburi lake na kuondoka.